Watu Kwanza, Mzigo Baadaye

(Mazungumzo ya mmoja wa wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Miaka kumi ya kuweka na kukopa si mchezo, na wote tuliopo hapa ni mashahidi.

Viongozi wameniomba nizungumzie jambo ambalo siku hizi linaletwa mara kwa mara kwenye vikao vyetu vya mikopo. Wapo wenzetu wanaotaka kuuza maarifa yao kwa njia ya simu: kijitabu cha mapishi, vipimo vya kukata nguo za watoto, masomo ya video ya kusuka nywele. Nasema tangu mwanzo kwamba jambo hili ni jema na naliunga mkono. Ila lina utaratibu wake, na anayeuruka utaratibu huo hupoteza fedha, tena fedha zenyewe ni zetu sote.

Tuchukue mfano wa sabuni ya maji, maana wengi hapa tunaijua. Ukiuza lita ishirini, kesho lazima urudi dukani kununua malighafi nyingine. Lakini ukiandika kijitabu cha kufundisha kutengeneza sabuni hiyo, ukakiweka kwenye simu, nakala ya pili haikugharimu kitu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, tumezoea kulipana bila kuonana. Mama aliyeko Songea anakulipa asubuhi, na asubuhi hiyo hiyo unamtumia kijitabu chake. Hapo ndipo penye utamu. Lakini jamani, huyo mama wa Songea atakujuaje? Na akikujua, atakuamini kwa lipi?

Wengi huanza na mzigo. Mtu anakopa, ananunua simu kubwa, anamlipa kijana ampangie kurasa vizuri, kisha analipia matangazo. Mwingine anashawishiwa anunue wafuasi. Wafuasi wa kununua ni majina matupu. Hawasomi, hawaulizi, hawalipi. Ni sawa na kukodi watu waje kushangilia harusi yako: vigelegele vitasikika, lakini ukifungua daftari la michango hutamkuta hata mmoja. (Vicheko)

Akina mama, dawa yake tunayo sisi wenyewe. Hapa kwetu hakuna aliyepewa mkopo wiki aliyojiunga. Alinunua hisa, akahudhuria, akafahamika, ndipo akaaminiwa. Watu wa kwenye simu nao ni hivyo hivyo. Anza kwa kuwasaidia kabla hujawauzia. Jibu swali moja, lijibu vizuri, na wiki ijayo jibu jingine.

Kwa mfano, watu wanauliza sana, mbona sabuni yangu ni nyepesi kama maji? Anaongeza chumvi, anaona bado, anaongeza tena. Sasa mweleze ukweli: chumvi huifanya sabuni ya slesi iwe nzito mpaka kiasi fulani, ukikipita kiasi hicho inarudi kuwa nyepesi. Kwa hiyo chumvi iyeyushwe kwanza kwenye maji, itiwe kidogo kidogo, na uache mara sabuni inaposhika. Somo hilo litoe bure. Usiogope kwamba umemaliza siri. Aliyefanya ulivyomwambia akaona imekubali, ndiye atakayetaka kijitabu kizima chenye vipimo, gharama na namna ya kupanga bei.

Maswali hayo yaandike kwenye daftari. Yakishafika ishirini au thelathini, kijitabu chako kimejipanga chenyewe, maana wateja wamekwisha kukwambia wanataka nini.

Sasa tuje kwenye hesabu. Orodha moja ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256, na ujumbe wako humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Maana yake huwezi kujilazimisha kwa mtu, ni lazima yeye mwenyewe aone kwamba una faida kwake. Tuseme katika hao, 20 wananunua kijitabu cha shilingi 3,000. Hizo ni shilingi 60,000, na hukununua malighafi. Mwandishi mmoja wa Marekani, Kevin Kelly, aliandika mwaka 2008 kwamba mtu anayeishi kwa kazi ya mikono na akili yake hahitaji mamilioni ya watu, mashabiki wa kweli 1,000 wanamtosha. Hesabu yake ilikuwa ya kwao, lakini somo linatufaa: afadhali wachache wanaokuamini kuliko umati unaopita njia.

Jambo jingine, msiweke kila kitu kwenye nyumba ya kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Na mwezi Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, intaneti ikasumbua Afrika Mashariki. Kwa hiyo majina na namba za wateja yawe pia kwenye daftari lako la karatasi. Lakini mteja aombwe ruhusa kwanza, na namba yake usimgawie mtu mwingine. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Najua mtauliza, je, mtu akinunua nakala moja na kuwarushia mashoga zake kumi? Atarusha, tusidanganyane. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inakulinda tangu ulipokitunga kijitabu, lakini huwezi kumshitaki kila shoga. Weka jina na namba yako kila ukurasa, ili hata nakala iliyorushwa ikutangaze. Na kila mnunuzi mpe haki ya kukuuliza akikwama. Kijitabu kinarushwa, ila msaada wako haurushwi.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi kwa Kamati ya Mikopo. Mwanachama akiomba mkopo wa shughuli hii, asiulizwe ana wafuasi wangapi. Alete daftari lake, tuone watu kumi waliokwisha kulipa, ambao si wanachama wala ndugu zake. Nasema hivyo kwa sababu sisi tutanunua kwa kuoneana aibu, na aibu si soko. Kumi hao wanapatikana kwa simu ndogo hiyo hiyo aliyonayo. Asiye na simu ya intaneti aungane na mwenzake mwenye nayo, mmoja atoe ujuzi, mwingine aandike, wagawane.

Fedha iliyomo kwenye sanduku letu ni ya mama anayeuza mchicha na ya mama anayefua nguo za watu. Asiyeweza kurejesha, wadhamini wake ndio wanaolia. Tukianza na watu, mkopo utakuta kazi inayotembea.

Akina mama oyee! (Oyee!) Kikundi oyee! (Oyee! Makofi)