Mafuriko Yakibeba Stoki



Mnakumbuka mafuriko ya 2024. Tarehe 6 Mei Rais Ruto alienda Mathare akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia inayohamishwa kando ya mto. Sawa. Lakini hiyo ilikuwa pesa ya kuhamia nyumba nyingine. Wewe ambaye meza yako ya mboga ama robota lako la mtumba lilienda na maji, hukutajwa. Na sisi tulioketi hapa Kileleshwa tusijione tuko mbali, mama anayetuuzia sukuma hapa nje analala wapi?

Utaambiwa, si kuna Hustler Fund? Ipo tangu Novemba 2022, shilingi 500 hadi 50,000. Ila huo ni mkopo, wa asilimia 8 kwa mwaka. Mtu amepoteza kila kitu, unamwongezea deni! Na Mwislamu anayekimbia riba ataenda wapi?

Sasa sikiza. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuuliza, na sheria ya 2016 inawapa siku 21 kukujibu. Waulize Kaunti ya Nairobi: hazina ina pesa ngapi, na wenye vibanda wangapi wamesaidiwa? Nakala mpelekee mwakilishi wadi wako.

Wafanyabiashara, pigeni picha ya stoki kabla mvua haijaanza. Leseni na risiti zisilale kibandani.

Barua yetu tunaiandika leo, kabla hatujatoka hapa.