Ushiriki wa Wananchi katika Siasa: Mikutano ya Vijiji na Mitaa ya Ufipa na Uzoefu wa Nchi Nyingine

1. Utangulizi

Ushiriki wa kisiasa ni jumla ya vitendo ambavyo kwavyo wananchi huamua nani awaongoze au hujaribu kuelekeza maamuzi ya wanaowaongoza. Kwa hiyo unahusu kupiga kura, kugombea, kuhudhuria mikutano, kuhoji mapato na matumizi, na kuandamana kwa amani. Nchini Tanzania haki hiyo imewekwa katika ibara ya 21 ya Katiba ya mwaka 1977, na ibara ya 146 inataja kupeleka madaraka kwa wananchi kuwa ndiyo madhumuni ya serikali za mitaa. Mada hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya washiriki kutoka kata ya Mazwi, mjini Sumbawanga katika nyanda za juu za Ufipa, na maeneo jirani, inajenga hoja kwamba mwananchi hushiriki pale anapoona kuwa uamuzi unamgusa na kuwa sauti yake inaweza kuubadilisha.

2. Sababu za kushiriki na kutoshiriki

Sidney Verba, Kay Schlozman na Henry Brady, katika utafiti wao kuhusu Marekani uliochapishwa mwaka 1995, walieleza kuwa watu hawashiriki kwa sababu hawawezi, hawataki, au hakuna aliyewaita. Kutoweza maana yake ni kukosa muda, fedha au stadi. Chaguzi za serikali za mitaa za tarehe 24 Novemba 2019 na 27 Novemba 2024 ziliangukia mwanzo wa mvua, wakati mkulima wa Ufipa yuko katika kupanda mahindi. Na aliyehamia kwa muda kwenye shamba la bondeni au kambi ya uvuvi ya Ziwa Rukwa hulazimika kupanda mlima kurudi alikojiandikisha.

Kutotaka, kwa upande wake, si tabia ya kudumu ya taifa lolote. Waliojitokeza katika uchaguzi mkuu wa Tanzania walikuwa takriban asilimia 43 ya walioandikishwa mwaka 2010, asilimia 67 mwaka 2015, ushindani ulipokuwa mkali, na asilimia 51 mwaka 2020. Kilichobadilika, yaelekea, ni matumaini ya wapiga kura kwamba kura ingeamua jambo.

3. Njia za ushiriki katika nchi mbalimbali

Australia ilifanya kupiga kura kuwa wajibu wa kisheria mwaka 1924, na waliojitokeza wakapanda kutoka chini ya asilimia 60 mwaka 1922 hadi zaidi ya asilimia 90 mwaka 1925. Uganda ilichagua viongozi wa vijiji mwezi Julai 2018 kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea, njia ya gharama ndogo ambayo hata hivyo humwondolea mpiga kura siri yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria, lakini mwezi Juni 2024 vijana walioona kuwa maoni yao kuhusu Muswada wa Fedha hayakusikilizwa waliingia barabarani, na Rais akakataa kuutia saini.

4. Hali ya Ufipa

Mwanaanthropolojia Roy Willis alionesha kuwa hata chini ya tawala za Nkansi na Lyangalile mkuu wa kijiji cha Kifipa alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Baada ya utawala wa machifu kufutwa mwaka 1963, na hasa kwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, nafasi hiyo ilichukuliwa na mkutano mkuu wa kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, na mahali ambapo shamba ndilo riziki, ajenda ya ardhi hujaza uwanja bila kupiga mbiu mara mbili. Mjini, kamati ya mtaa, kama zile za Mazwi, haina mamlaka ya namna hiyo, jambo linalosaidia kueleza kwa nini mkazi wa mjini huona mkutano wa mtaa kuwa kazi ya mwenyekiti na mtendaji.

Aidha, ushiriki huhitaji uchaguzi wenye watu wa kuchaguliwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, CHADEMA na vyama vingine kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na wagombea wengi wa chama tawala, CCM, wakapita bila kupingwa; mahali kama hapo, mpiga kura aliyebaki nyumbani hawezi kuitwa mvivu.

5. Hitimisho na mapendekezo

Inapendekezwa kwamba kalenda ya uchaguzi wa serikali za mitaa izingatie msimu wa kilimo. Kwamba mapato na matumizi yasomwe katika kila mkutano wa kawaida na kubandikwa kwenye mbao za matangazo. Kwamba mitaa ipewe maamuzi yanayogusa maisha ya wakazi. Na kwamba mgombea asienguliwe kwa kosa dogo la kujaza fomu. Wananchi nao wanaombwa kuhudhuria, kuuliza na kudai muhtasari wa kikao kilichopita, kwani kiongozi asiyeulizwa hana sababu ya kujibu.