Nafasi ya Familia katika Kumuuguza Nyumbani Aliyepasuliwa Mguu Uliovunjika



Wagonjwa ninaowazungumzia leo mnawafahamu. Ni kijana wa bodaboda aliyegongwa, bibi aliyeteleza bafuni, fundi aliyeporomoka kutoka kwenye dari. Wamepasuliwa, wamewekewa chuma, wameruhusiwa. Mkononi wana tarehe ya kurudi kliniki na mfuko wa dawa. Kuanzia hapo muuguzi ni shemeji, au mtoto anayetoka shule mchana.

Hoja yangu ni moja: katika nyumba zetu mgonjwa wa mguu haponzwi sana na kutelekezwa. Anaponzwa na huruma iliyopita kiasi.

Aliyevunjika paja akatibiwa bila upasuaji hulazwa wiki 6 hadi 12, mguu ukivutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda. Chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa kilikuja kumwondolea adha hiyo. Msumari wa SIGN, unaotoka kwa shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, umetumika sana hapa kwetu, hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), kwa sababu daktari huweza kuufunga skrubu bila kuwa na mashine ya eksirei mle chumba cha upasuaji. Basi mtu anapasuliwa ili asilale, halafu tukimfikisha nyumbani tunamlaza! Chakula anafuatwa nacho kitandani, anaogeshwa, na chini ya goti anawekewa mto ili "apumzike".

Mto ule ndio wa kwanza kuondolewa. Unamfariji kwa sababu goti lenye maumivu hupenda kujikunja, lakini likikaa hivyo wiki kadhaa hugoma kunyooka, na msuli wa paja husinyaa. Viringisha kanga, iweke chini ya kisigino, goti libaki wazi. Mwambie akandamize goti kuelekea godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Weka kiganja juu ya paja lake: ukiona msuli unakakamaa, anafanya sawasawa. Kisha apandishe na kushusha nyayo mara nyingi kwa siku, kwa sababu kigimbi kinachocheza husukuma damu isigande. Akipumzika, mguu wote uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Ukining'inia utavimba, na uvimbe wa jioni usiwatishe sana kama unapungua asubuhi.

Suala la kukanyaga si la familia wala la jirani aliyewahi kuvunjika. Kuna chuma kinachoruhusu kukanyaga mapema na kuna kinachotaka subira. Daktari aliyepasua ndiye anayejua. Ombeni jibu hilo liandikwe kwenye cheti.

Magongo yaishie vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na uzito ubebwe na mikono. Anayeyaegemea kwa kwapa ataanza kulalamika ganzi mikononi. Kwenye ngazi, kupanda hutangulia mguu mzima. Kushuka hutangulia magongo pamoja na mguu mgonjwa.

Sasa choo, jambo ambalo wodini ni nadra kuulizwa. Choo cha kuchuchumaa hakimfai mtu anayetegemea mguu mmoja. Mgonjwa anaona haya kubebwa na mkwewe, kwa hiyo anaacha kunywa maji, anapunguza kula, choo kinakuwa kigumu, na familia inadhani dawa zimemkatisha hamu ya chakula. Seremala wa mtaani anaweza kutoboa kigoda imara cha mbao na kukiweka juu ya tundu. Kiti cha plastiki sikipendi, kwani miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji.

Kukanda kwa maji ya moto, kuchua, na kumwita mganga wa mifupa "avute kidogo" visiguse mguu uliopasuliwa. Kidonda kinataka ukavu hadi nyuzi zitolewe, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14. Supu ya makongoro haina ubaya, ila isichukue nafasi ya maharage, mayai, maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Sigara iachwe kabisa. Huchelewesha mfupa kuunga. Na mfupa wenyewe hauna haraka: ugoko mara nyingi huchukua miezi 4 hadi 6, paja 3 hadi 6, wakati mwingine zaidi.

Usaha, homa, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua: arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, vivyo hivyo. Akibanwa pumzi ghafla au kuchomwa kifuani, tafuteni gari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, maana bonge la damu linaweza kuwa limefika kwenye mapafu.

Ombi langu kwenu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa wauguzi wa wodi tunaoshirikiana nao ni hili: kabla mgonjwa hajaruhusiwa, ndugu mmoja aitwe, afundishwe kumsimamisha, ashuke naye ngazi za hospitali kwa magongo, na aulizwe choo cha nyumbani kikoje. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na haihitaji bajeti.