Vumbi la Urani na Haki ya Mfanyakazi
(Mada kwa viongozi wa walei, Bwejuu, Unguja)



Hapa Bwejuu watu huishi kwa uvuvi, mwani na kazi za mahoteli, mgodi hatuna. Hata hivyo vijana huvuka bahari kwenda Bara kutafuta kazi, na huko Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, leseni ya kuchimba urani ilitolewa mwaka 2013. Yatupasa kujua vumbi la madini hayo humfanyia nini anayelivuta.

Urani huzaa polepole gesi iitwayo radoni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo nayo huzaa chembe zenye mionzi, ambazo hunata kwenye vumbi na kuingia mapafuni pamoja na pumzi. Katika mgodi wa wazi upepo huipunguza gesi, lakini vumbi hubaki. Mtu hasikii maumivu siku hiyo. Saratani ya mapafu huweza kutokea baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mvuta sigara. Tena vumbi la mawe huleta silikosisi, ambayo humfungulia mlango kifua kikuu.

Nchini Marekani, uchunguzi wa afya za wachimbaji wa urani, wakiwemo Wanavajo wengi, ulianza mwaka 1950. Wachimbaji wenyewe hawakuelezwa hatari iliyowakabili. Sheria ya fidia ilipitishwa mwaka 1990, wakati wengi wamekwisha kufa, na wajane wao wakahangaika kutafuta hati za kazi na za ndoa.

Basi, kabla kijana hajatia sahihi mkataba, tumfundishe kuuliza mambo manne. Je, vumbi hunyunyiziwa maji? Je, atapewa kipimo cha mionzi cha kuvaa mwilini? Je, mapafu yake yatapimwa kabla ya kuanza kazi na baada ya kuiacha? Je, nakala za vipimo hivyo atakabidhiwa mwenyewe?

Swali la nne ndilo kubwa. Ugonjwa huja mkataba umekwisha na mwajiri amehama. Asiye na karatasi atadai kwa ushahidi gani? Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina wajibu wa kusimamia kinga dhidi ya mionzi, nasi tuna haki ya kuifikishia malalamiko.

Mfanyakazi si chombo cha kutumiwa kikichakaa kikatupwa. Kila jumuiya na ianze kwa kuandika majina ya vijana wake walio migodini, na kuwauliza karatasi zao ziko wapi.