Utani Usigeuke Uadui

Hotuba ya ofisi ya mahusiano ya polisi na jamii kwa mashabiki wa mpira wa miguu wa Kikuubo, Kampala



Tunawashukuru kwa kutupa nafasi katika siku ya kazi, tukijua kwamba kwa kila dakika tunayosimama hapa kuna gunia la sukari ambalo halijapakiwa. Tulipoalikwa, baadhi yenu mliuliza: polisi na mazungumzo ya mpira, wapi na wapi? Swali hilo ni halali, na ndilo tulilokuja kulijibu.

Kikuubo, kwa Kiganda, ni ujia mwembamba. Hapa mchukuzi aliyejitwika katoni hupishwa na asiyejitwika kitu, na mwenye haraka humngoja anayepakua. Desturi hiyo haisimamiwi na askari yeyote. Mmeilinda wenyewe kwa sababu mnajua kwamba mtu mmoja akikaidi, ujia mzima huziba.

Jirani yetu ni uwanja wa Nakivubo, uliofunguliwa mwaka 1926, ambapo vizazi vya wakazi wa jiji hili vimejifunza kushangilia na kuzomea. Si ajabu basi kwamba mazungumzo ya mpira yameota mizizi hapa. Mnunuzi kutoka Juba, mwingine kutoka Goma na mwenye duka wa Kampala huenda wasiwe na lugha ya pamoja ila Kiswahili cha biashara na jina la Arsenal. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuulizana bei ya sabuni, huulizana habari za mechi. Jioni mazungumzo yaleyale huhamia katika makundi ya simu, na huendelea hadi usiku. Hayo ni mema. Watu wanaobishana juu ya mpira wamekwisha kukubaliana kukaa pamoja.

Hata hivyo, kuna jambo limetuleta. Mwanzoni mwa Desemba 2024, Arsenal ilipoifunga Manchester United mabao 2-0 huko London, shabiki mmoja aliyekuwa akishangilia katika mji wa Lukaya, wilaya ya Kalungu, alipigwa risasi na mlinzi, akafariki. Mechi ilichezwa maelfu ya kilomita kutoka hapa, na wachezaji walirudi makwao salama. Aliyezikwa ni wa kwetu. Hatusemi kwamba Kikuubo iko karibu na msiba wa namna hiyo. Tunasema kwamba umbali kati ya furaha na damu ni mfupi kuliko tunavyodhani, na kwamba wa kuulinda umbali huo si polisi peke yao.

Tuseme ukweli juu yetu wenyewe pia. Januari 2023, baada ya Arsenal kuifunga Manchester United 3-2, mashabiki waliokuwa wakisherehekea mjini Jinja kwa msafara na kikombe cha mfano walikamatwa na polisi, kwa maelezo kwamba hawakuwa wametoa taarifa. Habari hiyo ilizunguka dunia, na wengi walitucheka. Tunaitaja kwa sababu inatufundisha sote: polisi wanapofika, jambo hupoteza ladha yake. Pingu haziwezi kumfundisha mtu kushangilia kwa adabu.

Wala sheria haiwezi kufanya kazi yote. Mwezi huohuo, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, kilichofanya mawasiliano ya kuudhi kuwa kosa la jinai. Mahakama iliona kwamba maneno ya kifungu hicho yalikuwa mapana na yasiyo na mpaka ulio wazi. Kutishia uhai na kumpiga mtu bado ni makosa, na mkituletea mashtaka hayo tutayashughulikia. Lakini kejeli, masimango na maneno yanayokera tu, hayo ni yenu. Msipoyasimamia ninyi, hatakuwepo wa kuyasimamia.

Basi tuwaeleze tunachokiona. Wawili wanapofika mezani kwetu, mmoja shati limeraruka na mwingine mdomo umevimba, tukawauliza chanzo, hawaanzi na kabila wala na mama wa mtu. Huanza na mkwaju wa penalti. Tumeisikia safari hiyo mara nyingi, na ina hatua nne. Hatua ya kwanza ni mchezo wenyewe: "Ile haikuwa penalti." Ya pili ni klabu: "Ninyi siku zote hubebwa na waamuzi." Ya tatu ni mtu: "Wewe hujui kitu, ndiyo maana hata duka lako halina wateja." Ya nne ni asili ya mtu: "Watu wa kwenu ndivyo mlivyo."

Hatua mbili za kwanza ni utani, na bila hizo mpira hauna raha. Ya nne ni moto. Kwa hiyo mlinzi mwema husimama kwenye hatua ya tatu, pale neno linapomwacha mchezaji wa London na kumgeukia jirani aliyeketi mbele yako. Wahenga walisema: heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Neno hilo "utani" lina mafunzo. Ndugu zetu wa Dar es Salaam huziita Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, watani wa jadi. Hawaziiti maadui. Katika desturi ya utani, mtani ana ruhusa ya kukudhihaki hata siku ya msiba, lakini siku hiyohiyo ndiye anayefika kufanya kazi za mazishi. Ruhusa ya kudhihaki imefungamana na wajibu wa kusaidia. Nasi tuna neno la nyumbani: Express huitwa Mukwano gw'Abangi, yaani rafiki wa wengi. Jiulizeni basi: mwanachama wa kundi lenu akifiwa, je, wapinzani wake wa Jumapili huchangia mabugo? Kama huchangia, kejeli zao hazitamwumiza sana. Kama hawachangii, hata mzaha mdogo utamchoma.

Sasa tuje kwenye matendo. Wengi wenu mnakumbuka ebimeeza, mijadala ya hadhara iliyorushwa na redio hapa Kampala hadi iliposimamishwa wakati wa ghasia za Septemba 2009. Hatukuja kuzungumzia siasa yake. Tunaukumbuka utaratibu: msemaji aliandikisha jina, akangoja zamu, akasema mbele ya mwenyekiti kwa dakika alizopewa, kisha akampisha mwingine. Wenyeji wa jiji hili walijua kubishana kwa zamu. Hekima hiyo haijapotea. Katika barua za mwaliko na mazungumzo yetu nanyi tumekusanya mambo sita, na tunayaweka mbele yenu kama ushauri wala si amri.

Kwanza, kanuni ziwe chache na zijulikane kabla mtu hajaingia. Andikeni ukutani penye runinga na juu ya kundi la simu kwamba haya hayaguswi: kabila, dini, wazazi, maradhi, na deni la mtu.

Pili, wasimamizi wawe angalau watatu, wa klabu tofauti, na hukumu ipite kwa wawili kukubaliana. Msimamizi mmoja, hata awe mwadilifu vipi, siku klabu yake ikifungwa ataonekana mwenye hasira.

Tatu, sahihisheni mapema na faraghani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayekemewa mbele ya watu hutetea heshima yake, lakini anayeitwa kando hupata nafasi ya kurudi nyuma bila aibu.

Nne, haki ianzie kwa rafiki. Kundi hufa siku wanachama wanapogundua kwamba tajiri mwenye duka kubwa hutukana bila kuguswa, ilhali mchukuzi hutolewa kwa neno moja. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Tano, adhabu iwe na mwisho. Aliyekosa akae kando hadi mechi za wiki ijayo, aombe radhi, kisha arudi, na kosa lake lisitajwe tena. Aliyefukuzwa milele huanzisha kundi la kisasi.

Sita, tenganisheni mazungumzo na kamari. Mtu aliyepoteza fedha ya bidhaa kwa bao la dakika ya mwisho hana tena mchezo moyoni. Kwa sababu hiyohiyo tunashauri saa ya kwanza baada ya kipenga cha mwisho iwe ya kutaja matokeo tu. Ubishi mtaukuta kesho, nao utakuwa umepoa kiasi cha kuliwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halionekani kwa macho. Kimya si amani. Huenda kundi likatulia kwa sababu wote wanaheshimiana, au kwa sababu waliodhalilishwa wamekwisha kuondoka. Mama mwenye duka anayeujua mpira kuliko wengi wetu akicheka na kunyamaza kila anapoambiwa arudi jikoni, siku moja hatasema tena. Kijana aliyetoka Kongo juzi akichekwa kwa lafudhi yake, atasoma bila kuandika, kisha atatoweka. Hakuna atakayeleta mashtaka kwetu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi msihesabu ugomvi tu. Hesabuni pia walionyamaza, mwende madukani mwao mkawaulize.

Nanyi mnajua hasara ya kushindwa katika hili. Bidhaa nyingi za Kikuubo hutolewa kwa kuaminiana: chukua leo, leta Ijumaa. Aliyekuvunjia heshima Jumapili usiku utampaje mali Jumatatu asubuhi? Tumewaona majirani wa miaka mingi walioacha kukopeshana kwa sababu ya kadi nyekundu.

Mwisho, tunataka kusema neno kuhusu lugha tunayoitumia. Katika nchi yetu, Kiswahili kilisikika kwa miaka mingi kama sauti ya kambi na kizuizi cha barabarani: simama, kaa chini, toa. Wazee walio hapa hawahitaji kuelezwa. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kitumike rasmi. Lakini kilichokisafisha zaidi ya karatasi hizo ni watu kama ninyi, mnaokitumia kupatana bei, kupeana pole na kutaniana. Sisi tulikitumia kuamuru. Ninyi mmetuonyesha namna ya kukitumia kuzungumza.

Kwa hiyo tunatoa ahadi moja. Hatutaomba kuingizwa katika makundi yenu ili tuwatazame. Mkitualika kutazama mechi, tutakuja kama wageni, tutakaa mtakapotuketisha, na kanuni za ukutani zitatufunga nasi. Askari akimtukana shabiki wa klabu nyingine, mwondoeni hadi wiki ijayo kama mngemwondoa mwingine yeyote.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zimepangiwa kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika. Wageni watakaokuja kununua jezi na bendera huenda wakapita katika ujia huu. Wasiulize ni polisi wangapi wanaolinda Kikuubo. Waone watu wanaobishana kwa sauti kubwa, wakicheka, na wakimpisha aliyejitwika mzigo.

Sasa ni zamu yenu kusema, nasi tutangoja yetu.