Waraka kwa Ndugu Aliye Mbali: Mada kwa Semina ya Wainjilisti, Makambako



Nimepewa dhamana ya kunena juu ya barua za kutiana moyo katika imani, na naona inafaa kuanza na mji huu wenyewe, ambapo barabara ya Njombe na Songea huachana na ile kuu iendayo Mbeya, na ambapo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake; maana hapa ndipo vijana wa sharika zetu wapandapo gari kwenda kutafuta riziki, kama babu zao walivyokwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Twawaaga kwa sala, na aghalabu habari zao hukomea hapo.

Kanisa la nyanda hizi lajua uchungu wa kuachwa. Wamisionari wa Berlin waliingia kusini mwaka 1891. Vita kuu ya kwanza ikawaondoa, na ya pili ikawaondoa tena, na mara zote mbili mzigo wa kundi ukawaelemea walimu na wainjilisti wenyeji, ingawa Waskoti wa misheni ya Livingstonia, na baadaye Waswidi, walikuja kuwasaidia.

Ili tuone jinsi barua iwezavyo kuutuliza uchungu huo, sasa tuitazame sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, ambayo wasomaji wengi huipita kwa haraka wakidhani mafundisho yamekwisha. Tertio ameshika kalamu, Fibi wa Kenkrea anakabidhiwa kwa ukarimu wa ndugu wa Rumi, na Mtume awataja kwa majina watu zaidi ya 20, na miongoni mwao mama yake Rufo, ambaye amhesabu kuwa mama yake pia. Kwa maoni yangu salamu hizo nazo ni mahubiri, kwa sababu mtu atajwaye kwa jina lake hawezi tena kudhani kwamba amesahauliwa.

Mzee mmoja wa Njombe alinionyesha barua aliyoandikiwa na mwinjilisti wake, zama alipokuwa mkata mkonge, nayo imekatika kwenye mikunjo kwa kukunjuliwa mara nyingi. Nusu ya ukurasa ni salamu. Kisha yaelezwa nani amepata kipaimara, mahindi ya nani yameunguzwa na baridi, na kwamba mahali pake katika benchi la waimbaji hapajakaliwa na mtu. Andiko ni moja tu, na sala ni ya mistari mitatu. Hakuna karipio hata moja, ilhali mwandishi, kama alivyoniambia mzee mwenyewe, alikuwa amekwisha kusikia habari za ulevi wake.

Hiyo ndiyo barua ninayoitetea. Simu huleta neno upesi, na si vibaya kuitumia, walakini neno hilo hupotea pamoja na simu yenyewe, na mahubiri husemwa kwa wote; bali karatasi humngoja msomaji hata usiku ule ambao dhiki imemzidi.

Napendekeza, basi, kila usharika uweke daftari ya walioondoka, yenye jina, kazi na anwani ya kila mmoja, na wazee wa kanisa wagawane majina hayo. Tena aliyeondoka kwa ugomvi aandikiwe kwanza, na aandikiwe na mzee asiyehusika na ugomvi ule.