Mtafiti Akija Kijijini, Muulizeni Alisoma Nini

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Sisi ni watunzaji wa maktaba ya hospitali. Tunajua wengine mnajiuliza, watu wa vitabu wanatafuta nini kwenye mkutano wa mbuzi na visima? Ngojeni kidogo.

Zamani kazi ya mkutubi wa hospitali ilikuwa kupiga mhuri, kupanga vitabu na kuwanyamazisha watu. Daktari akitaka kujua yaliyoandikwa juu ya ugonjwa fulani, alipewa Index Medicus, orodha iliyoanzishwa Marekani mwaka 1879, akafunua buku baada ya buku mpaka macho yakamuuma. Mwaka 1964 orodha hiyo ikaanza kutengenezwa kwa kompyuta. Mwaka 1997 ikafunguliwa bure kwa watu wote kwenye intaneti, kwa jina la PubMed. Basi watu wakasema mkutubi hana kazi tena, daktari atabonyeza mwenyewe.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Baltimore, Marekani, mwaka 2001. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikuwa wakichunguza pumu. Waliwapa watu wazima wenye afya, waliojitolea, dawa iitwayo heksamethoniamu waivute kwa pumzi. Ni dawa ya zamani, iliyotumiwa miaka ya 1950 kutibu presha. Mmoja wao, dada wa miaka 24, alianza kukohoa. Mapafu yakaharibika, na mwezi wa Juni akafa.

Je, hatari hiyo haikujulikana? Ilikuwa imeandikwa! Mtafiti alikuwa ametafuta kwenye PubMed na katika vitabu, lakini PubMed ya wakati ule ilianzia hasa mwaka 1966. Makala za miaka ya 1950 zilizotaja madhara ya dawa ile kwenye mapafu zilikuwa zimelala kwenye rafu. Baada ya kifo, wakutubi walizitafuta, wakazipata upesi. Serikali ya Marekani ikasimamisha kwa muda tafiti nyingi za chuo kile. Hatuwezi kuapa kwamba mkutubi angemwokoa yule dada. Lakini kujua orodha inaanzia wapi, hiyo ndiyo kazi yake.

Ndiyo maana siku hizi mkutubi huitwa utafiti unapoanza. Anatafuta jina la dawa la zamani na la sasa, anapekua orodha zaidi ya moja, na anaandika alitafuta wapi na lini, ili mwingine aweze kurudia. Pengine jina lake huandikwa pamoja na ya waandishi. Majarida nayo ni ghali mno, lakini mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango wa Hinari, ambao taasisi za nchi zenye kipato kidogo husoma bure au kwa bei nafuu. Ni mkutubi anayewafundisha wauguzi na madaktari kuutumia. (Tuseme ukweli: pengine chumba cha maktaba kimegeuzwa stoo, na mwenye ufunguo ni karani mwenye kazi nyingine tatu.)

Hapo ndipo mnapoingia ninyi. Watafiti huja vijijini kupima damu ya watoto, kujaribu dawa, kuuliza habari za maji. Kabla ya mtu kutia sahihi au kidole gumba, mwenyekiti na aulize: jambo hili limewahi kujaribiwa wapi? Nani alitafuta maandishi ya zamani, na alirudi nyuma mpaka mwaka gani? Si utovu wa adabu. Mtafiti mzuri atajibu bila kukasirika, na asiyejua na aende akaulize kwanza.

Nasi tusiwacheleweshe na chai. Aliye na karatasi ya idhini aliyoletewa nyumbani na ailete hapa mbele, tuisome pamoja.